Ufunguo wa Maabara na Samaki wa Kostiki

Jumatatu, 2 Desemba

Daftari hili kanipa mke wangu, Jorunn. Anasema mkono ukiandika kila siku, jicho nalo litazoea kusoma. Sikumwuliza kusoma nini. Nasoma vya kutosha. Jina langu nasoma: Eilert Nesvold, mtunza shule ya Skarvøya, miaka arobaini na moja kazini, funguo hamsini na tatu kiunoni. Herufi kubwa zinanitii, na hizo ndizo ninazoandikia humu. Zile ndogo ndogo ndizo zinatawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji.

Sasa balaa. Barua ya manispaa. Jorunn kanisomea mezani, kahawa ikapoa. Mwaka mpya ukifika, hakuna atakayekaa na ufunguo wa maabara bila kufanya mtihani wa usalama. Mtihani wa kuandika! Maswali kumi na tisa. Jumatano ijayo, tarehe kumi na moja. Asiyefaulu ufunguo wake unakwenda kwa mwalimu wa kemia.

Mwalimu wa kemia ni Gudveig. Kaja Agosti kutoka mji wa Bergen. Anavaa miwani ya kinga juu ya miwani yake ya kuonea, macho manne ya kioo. Wiki iliyopita kanikuta napiga deki chini ya rafu ya asidi, uso mtupu. Kasema kwa upole kwamba macho hayauzwi dukani. Nikamwambia haya yangu yana miaka sabini na moja na hayajawahi kurudishwa kiwandani. Hakucheka. Watu wa Bergen.

Chukua funguo zote, chukua hata wa choo cha walimu. Lakini si wa maabara! Nieleze, maana siku moja manispaa watalisoma daftari hili, mimi nimekufa na wao wanajuta.

Kila Desemba mimi ndiye ninayewapikia walimu samaki wa Krismasi. Chewa mkavu, mgumu kama ubao. Unamlowesha maji siku tano. Unamtia kwenye kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, siku mbili, ananenepa na kulainika. Kisha maji tena siku tano, kumwondoa ukali. Unampika, anatikisika kwenye sahani kama mtoto mchanga. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo kwenye chumba cha nyuma cha maabara, karibu na sinki refu la chuma. Mwalimu wa zamani alijua. Alikula na kunyamaza. Gudveig hajui.

Samaki wako majini tangu jana. Karamu ni Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Bila ufunguo hakuna sinki. Bila sinki hakuna samaki. Bila samaki mimi ni mzee mwenye fagio.



Jumanne, 3 Desemba

Gudveig kanisimamisha mlangoni. Kasema maabara inanuka bahari, nikague mabomba. Nikaenda kukagua. Samaki wamelowa vizuri.

Nikapata akili. Kule nyuma kuna kabati la moshi, la kioo, lina feni, linavuta hewa mbaya na kuitupa nje juu ya paa. Wameliweka kwa ajili ya kemikali. Nani kasema samaki hawezi kukaa humo? Nikaliingiza beseni langu, nikateremsha kioo, nikawasha feni. Harufu ikatoweka kama imeitwa na mama yake. Mtu aliyesoma chuo kikuu asingewaza hivyo!

Saa tano Mkuu wa shule kanipigia simu. Kauliza nani kafia juu ya paa. Kumbe lile bomba linatokea chini ya dirisha la ofisi yake. Nilishikwa na kihoro. Nikasema ni shakwe, huyo, kafa kwenye mfereji. Mkuu kasema basi nipande nikamtoe. Kasimama dirishani kuangalia.

Nimekaa juu ya paa lenye barafu saa nzima na ndoo mkononi namtafuta shakwe asiyekuwapo. Nimeshuka nikasema karuka, kaenda zake. Kåre wa kantini alikuwa anapita na toroli lake. Kasema kwa sauti ili kila mtu asikie: shakwe aliyekufa karuka! Mzee Eilert, hiyo si Krismasi tena, hiyo Pasaka!

Walimu wawili wakacheka. Nimewaweka akilini.

Jumatano, 4 Desemba

Jorunn kanisomea kitabu cha usalama jioni yote, mimi nimefumba macho. Nina kichwa kizuri. Nikisikia kitu mara tatu kinakaa. Lakini kitabu chenyewe ni cha matusi. Usile maabarani. Usinywe maabarani. Usionje kitu chochote. Miaka arobaini na moja nimekula mkate wangu kwenye meza ya pili, na niko hai! Nikamwambia Jorunn hayo. Kaniambia mtihani hauulizi kama niko hai.

Kasema tena, polepole, bila kunitazama, kwamba huenda ningemwambia mwalimu ukweli. Ukweli gani, nikauliza. Kasema mimi najua ukweli gani. Nikatoka nje kupasua kuni. Tulikuwa na kuni tayari.

Mbinu ya leo: biskuti za tangawizi. Nimempelekea Gudveig kopo zima, nia yangu ayataje maswali kwa bahati mbaya huku anatafuna. Kakataa kula maabarani. Kanichukua mpaka chumba cha walimu, kanimiminia kahawa, kala biskuti nne. Nikaanza kumzunguka. Nikasema mitihani siku hizi, maswali yake huwa yanahusu nini? Kasema yanahusu usalama. Nikasema wa nini hasa? Kasema wa maabara. Mwanamke huyu ni ukuta!

Kisha kanitazama. Kauliza kama ningependa tukipitie kitabu pamoja, yeye na mimi, ukurasa kwa ukurasa. Nikasema nimeshakisoma, mara mbili. Kauliza nimependa sehemu gani. Nikasema mwisho.

Alhamisi, 5 Desemba

Beseni langu la plastiki limepasuka. Nimelitoa kwenye kabati kubadili maji, nikaliweka ukingoni mwa sinki, likaanguka sakafuni. Maji kila mahali, samaki wamelala chini kama mizigo ya bandarini. Dakika kumi kabla ya kipindi! Nimewakusanya kwenye ndoo ya deki. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kiasi.

Kostiki inaingia kesho na chombo sina. Kesho kutwa ni kuchelewa, samaki hangojei mtu.

Kåre ana sufuria mpya ya kantini. Ya aluminiamu, kubwa, nyepesi, inang'aa mpaka unaona aibu yako ndani yake. Anaipangusa kila saa. Kuiomba siwezi. Kila mwaka huyu bwana anakula sahani mbili za samaki wangu, kisha anafuta mdomo na kusema wa marehemu mama yake walikuwa bora. Nimwombe yeye sufuria? Bora nimpikie kwenye buti langu.

Nimeiazima bila kumsumbua. Alikuwa amekwenda kupokea viazi.

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika kwa jicho moja. Nitaandika yote.

Saa tatu asubuhi, kutafuta kostiki. Yangu ya nyumbani imekwisha, nikaenda kwenye rafu ya maabara. Zamani ilikuwa chupa ya tatu kutoka kushoto. Gudveig kapanga upya rafu nzima, kwa alfabeti! Chupa kumi na mbili, zote nyeupe, zote zina picha ya mkono unaoliwa na matone, na maneno marefu kama treni ya mizigo. Nilizisogeza karibu na jicho, nikazisogeza mbali. Sisimizi wale wale.

Lakini baba yangu alinifundisha. Kidole hakidanganyi. Unachovya kidole kwenye maji, unagusa unga kidogo. Kikiteleza kama sabuni, ndiyo kostiki. Kikiuma, siyo. Ya nne iliteleza. Vidole viwili vikawa vyekundu, si kitu, nina kumi.

Nikakoroga kwenye sufuria ya Kåre, nikatia samaki, nikafunika. Nikawaza harufu. Mfuniko nikaufunga kwa kamba, mafundo manne ya baharini ambayo hayajawahi kunifungukia. Nikaiingiza kwenye kabati la moshi, feni nikaiacha inazunguka. Nikaenda kuondoa theluji getini. Nilikuwa napiga mluzi.

Nusu saa hivi, nikarudi kuchungulia. Kabati linapuliza. Si feni. Ni sufuria! Inapuliza kama nyoka aliyekanyagwa, mfuniko unacheza, povu jeusi linatoka pembeni. Nikaigusa. Moto! Na sikuwasha moto wowote mimi.

Upande wa pili wa ukuta nasikia sauti ya Gudveig na darasa la tisa. Nilisimama pale. Ningeweza kugonga ukuta. Ningeweza kuita. Nikasema hapana, Eilert, hili ni jambo dogo, malizana nalo kabla mtu hajajua. Nikapandisha kioo. Nikainama nifungue fundo la kwanza.

Fundo halikufunguka. Mfuniko ndio uliofunguka.

Sikumbuki sauti. Nakumbuka jicho la kulia kama mtu kalitia kaa la moto. Nilipiga ukelele ambao wanaume wa kwetu hawapigi. Kisha nikamsikia Gudveig ng'ambo, hakupiga kelele hata kidogo. Kasema kila mtu azime gesi. Kasema kila mtu atoke, aache begi. Nikasikia viti, miguu, mlango. Kisha mkono wake shingoni mwangu, mkono mgumu kama wa mvuvi, na uso wangu ukawa ndani ya lile beseni dogo la kuoshea macho nililolitumia miaka yote kusuuzia matambara.

Dakika ishirini. Kanifungua kope kwa vidole vyake. Nilimwambia inatosha. Kasema bado. Nilimwambia maji ni baridi. Kasema anajua. Nikasema mimi ni mtu mzima. Kasema, "Mzee wangu, nyamaza, fungua jicho."

Huku maji yanaendelea kupita, kaniuliza nilitia nini. Nikasema kostiki. Kauliza nilijuaje kwamba ni kostiki. Nikasema kwa kidole. Maji yakapita. Kauliza kwa nini sikusoma lebo.

Nikasema maji yameniingia sikioni. Na yeye hakuuliza tena. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoliogopea jicho.

Baadaye kanieleza mbele ya Mkuu. Kostiki inakula aluminiamu, na ikiila inatoa joto na gesi, na gesi hiyo inawaka. Ile gesi ingejaa chumbani, ikapita mlangoni mpaka kwenye majiko ya darasa la tisa yaliyokuwa yanawaka, asingependa kusema ingekuwaje. Kabati la moshi ndilo lililoivuta na kuitupa nje. Nilikaa chini. Watoto ishirini na wawili.

Kisha nikawakumbusha wote wawili kwamba wazo la kabati la moshi lilikuwa langu.

Jumamosi, 7 Desemba

Daktari kasema jicho litapona, niyashukuru maji. Niyashukuru maji! Si mimi niliyesimama dakika ishirini? Kanifunga kitambaa upande wa kulia.

Samaki wamekwisha. Wamekuwa uji mweusi. Sufuria ina tundu kama biskuti iliyotafunwa na panya. Kåre kalia. Mwanamume mzima. Kasema angalau ningemwambia, angeniambia mimi mpumbavu bure, bila gharama ya sufuria. Kasema kila mwanamke wa kisiwa hiki anajua samaki wa kostiki hawekwi kwenye aluminiamu, hata mama yake marehemu alijua. Nilijua atamleta mama yake tu.

Lakini ni kweli hata mama yangu alikuwa anasema hivyo. Nilidhani ni ushirikina.

Mkuu kasema mtihani wa Jumatano uko palepale. Tena sasa Gudveig ndiye atakayeamua. Nikishindwa, ufunguo ni wake siku hiyohiyo.

Jumapili, 8 Desemba

Sikulala vizuri. Nawaza karatasi. Gudveig ananiwekea karatasi mbele, kalamu pembeni, na chumba kimenyamaza. Naiona kila nikifumba macho. Nikifumbua, naiona nusu.

Jorunn kanisomea kitabu tena, mara ya tano. Nimekishika chote. Blanketi la moto liko wapi. Asidi inatiwa kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Nywele zifungwe. Nina nywele nane, nitazifunga. Ningeulizwa kwa mdomo ningewashinda walimu wote wa Bergen. Lakini ni karatasi.

Kisha nikajitazama kwenye kioo. Jicho moja limefungwa. Moja!

Nimemwambia Jorunn anifunge na la pili. Mtu asiyeona hasomi, lazima asomewe. Hakuna atakayejua. Jorunn kaacha kisu cha jibini hewani. Kasema haya ni maajabu, mtu mzima anajipofusha ili asionekane hajui kusoma, wakati kijiji kizima kinajua tangu siku ya harusi aliposaini mstari wa kasisi. Nikasema mstari ule ulikuwa karibu zaidi. Kasema mume wangu, hakuna anayekudharau ila wewe. Kisha kanifunga. Kanifunga kwa nguvu.

Jumatano, 11 Desemba

Mtihani! Niandike kwa mpangilio.

Nimeingia shuleni macho yote mawili yamefungwa. Nilikuwa nimeacha upenyo mdogo chini ya kitambaa cha kushoto, naona viatu vyangu. Shule hii naijua kama mfuko wangu. Nikaigonga nguzo ya bendera. Mtu kaihamisha au theluji imenipoteza. Kåre kanishika kiwiko, kaniuliza kama na jicho la pili nimelipika. Nikamwambia maumivu yamehama. Kasema pole Mzee, maumivu yako yana miguu mizuri kuliko shakwe wako.

Gudveig alikuwa peke yake maabara. Alitazama kitambaa muda mrefu, niliona viatu vyake havisogei. Kavuta kiti. Kasema basi yeye atasoma, mimi nijibu.

Ushindi! Nusura nicheke.

Swali la kwanza nikalimeza. La pili, la tatu. Jicho likirukiwa na kemikali? Maji, dakika ishirini, na usimsikilize mzee anayesema inatosha. Nikamsikia anacheka kidogo puani. Asidi? Nguo ikiwaka? Chupa isiyo na lebo? Usiguse. Nikamwambia usiguse kwa kidole chochote kati ya kumi. Nilikuwa natiririka kama mhubiri. Swali la kumi na moja lina picha, kasema, ya alama ya hatari, atanielezea. Kasogeza karatasi ili aone vizuri, ikaja chini ya upenyo wangu. Nikasema hiyo si kazi, hiyo ni ya vitu vinavyowaka, ila umeigeuza kichwa chini.

Kalamu yake ikasimama.

Niliona viatu vyangu. Sikuwa na pa kwenda.

Gudveig kaniambia kwa sauti ya chini kwamba naweza kufungua kitambaa, maana kitaniwasha. Nikakifungua. Jasho lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyusi. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Kageuza karatasi, kaendelea kusoma kwa sauti, swali la kumi na mbili, kama vile hakuna kilichotokea.

Nikafika kumi na nane bila kosa. Kumi na nane! Kisha la mwisho. Kitu kikiharibika au kikivunjika maabara, ukiwa peke yako, unafanya nini kwanza?

Rahisi. Nikasema unakitengeneza upesi kabla mtu hajajua.

Kaweka kalamu chini. Kasema hilo ndilo swali pekee lisilosamehewa. Ukikosa hilo, hata uwe umepata mengine yote, ufunguo hupati. Jibu lake ni moja: unamwambia mtu. Kasema siku ile ukuta ulikuwa kati yetu, ningegonga mara moja tu angekuja. Kasema yeye alikuwa na watoto ishirini na wawili na majiko kumi na moja yanawaka. Sauti yake ilikatika kidogo. Sikujua kwamba na yeye alikuwa ameogopa.

Nilishika ufunguo kiunoni. Umelika upande mmoja kwa kidole changu. Nikaona rafu ya chupa, sinki, theluji dirishani. Nikaona mzee mwenye fagio.

Gudveig kasema atanipa nafasi moja. Nimwonyeshe kwamba naweza. Nimwambie jambo moja ambalo nimelificha humu ndani. Moja tu, la kweli, sasa hivi.

Nilikohoa. Nilitazama rafu. Nikasema siwezi kusoma zile chupa. Nikasema naona herufi lakini hazikai. Tangu mtoto. Baba alinitoa shule nikavue naye, na waliobaki wakajifunza, na mimi nikajifunza kujificha. Sijawahi kumwambia mtu. Jorunn hakuambiwa, aligundua mwenyewe.

Gudveig kageukia rafu, akatazama chupa zake. Kisha kasema basi kesho tutaweka rangi kwenye chupa, kila aina na rangi yake, mimi na yeye tutapanga. Kasema na wanafunzi wake watatu wataona unafuu, hawajawahi kumwambia mtu nao. Kaandika kitu chini ya karatasi. Kasema Mzee Eilert, umefaulu.

Nimetoka nje. Nimelia kidogo upande wa jicho bovu, kwa hiyo haihesabiki.

Ijumaa, 13 Desemba

Karamu. Kåre kanunua samaki wa dukani, wa mfuko wa plastiki, waliogandishwa. Nimekula sahani mbili kwa uchungu tu. Kisha nimefuta mdomo na kumwambia wangu marehemu walikuwa bora. Kanirushia kitambaa cha mezani. Kasema mwakani nimpikie kwenye kitu chochote ila chake. Mkuu kanipa mkono mbele ya watu. Gudveig kainua glasi, kasema ni kwa heshima ya mlinzi wa maabara. Mlinzi! Lazima waandike hilo kwenye mlango.

Jorunn kaniuliza njiani kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza yote kumi na tisa.

Ufunguo uko kiunoni, wa kwanza kwenye pete. Chupa zina rangi. Kostiki ni nyekundu. Sihitaji kidole tena, ingawa kidole kilikuwa sahihi.

Kuna kijijambo kidogo. Bomba la gesi la meza ya nne linapuliza, taratibu tu, tangu mwezi wa kumi nilipoligonga kwa ngazi. Nililifunga kwa kitambaa na gundi, Jumatatu nikaona gundi imeachia. Nilikuwa karibu kulitaja siku ya mtihani, lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Lakini Gudveig aliomba jambo moja. Nilimpa moja. Kumwongezea la pili ni kumchosha bure mtoto wa watu, na likizo iko mlangoni.

Leo mchana nimelifunga upya, kitambaa kipya, gundi mara mbili. Kazi safi. Kesho Jumamosi shule iko tupu, nitakwenda kulijaribu kama baba alivyonifundisha: unawasha kiberiti, unakisogeza karibu, unasikiliza.

Jorunn kanikumbusha nibebe miwani ya kinga nikienda maabara. Nimeiacha msumarini. Nakwenda kusikiliza, siendi kutazama.